Namna ya Kumtwika Mungu Fadhaa na Kuishi kwa Matumaini

Hapa Bagamoyo jina la mji huelezwa kwa njia mbili. Wako wasemao kwamba wapagazi waliotoka bara na pembe za ndovu walibwaga mizigo yao hapa na mioyo ikatulia. Na wako wasemao kwamba ni watumwa waliobwaga mioyo yao ufukweni, wakijua kwamba wakishapandishwa chomboni hawatarudi kwao tena. Mkristo anayetaka kuishi kwa matumaini ayakumbuke maelezo yote mawili, kwa sababu matumaini ya imani hayaanzi kwa kujilazimisha kutabasamu, bali kwa kukitua chini kile kinacholemea.

Kwa hiyo anza na sala ya ukweli. Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 5, mstari wa 7, unatuagiza kumtwika Mungu fadhaa zetu zote, na neno hilo la kutwika ni la wapagazi hasa. Anayemtwika mwenzake mzigo hulazimika kwanza kuushika kwa mikono yake mwenyewe, akaujua uzito wake, ndipo auinue. Chukua daftari, uandike kila jambo linalokunyima usingizi kama lilivyo: ada ya shule, majibu ya kipimo yanayosubiriwa, ugomvi na ndugu. Kisha yasome mbele za Mungu moja baada ya jingine, pasipo kuyapamba. Nilipokuwa nikimuuguza mama yangu nilikawia sana kufanya hivyo, kwa kuwa nilidhani kulalamika ni kukosa imani, mpaka niliposoma Zaburi ya 88, ambayo inaishia gizani bila neno la faraja, na hata hivyo imo katika Maandiko Matakatifu. Siku ile nililia, na kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi nilisali kweli.

Hatua inayofuata ni ya asubuhi, kabla ya kushika simu. Chagua mstari mmoja na ukae nao juma zima. Ninapendekeza Maombolezo 3:22-23, yanenayo kwamba rehema za Bwana hazikomi, bali ni mpya kila siku asubuhi. Maneno hayo yamo katikati ya kitabu cha kilio, kilichotungwa juu ya Yerusalemu iliyobomolewa. Aliyeyasema alikuwa bado anayatazama magofu. Yarudie unapochota maji, unapofagia uwanja au unapongoja daladala, hadi yatoke yenyewe bila kuyatafuta.

Jambo ambalo ningependa ulitafakari zaidi ya mengine ni kusubiri, kwa maana hapo ndipo wengi wetu tunapokata tamaa. Tunaupenda mstari wa 11 wa Yeremia sura ya 29, unaoahidi tumaini katika siku za mwisho, na tunauruka ule wa 10, ambao unasema kwamba ahadi hiyo itatimizwa baada ya miaka 70. Waliopelekewa barua ile walikuwa uhamishoni Babeli, na katika mstari wa 5 waliambiwa wajenge nyumba na kupanda bustani hukohuko. Ukitaka kuona maana yake kwa macho, tembea katika njia ya miembe iendayo misheni. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868, wakaanzisha kijiji cha watu waliokombolewa utumwani, na makaburi yaliyo karibu na kanisa yanaonyesha ni wangapi kati ya wamisionari hao waliofariki wakiwa bado vijana. Miembe waliyoipanda wamisionari inawapa kivuli watu wasiowajua hata kwa majina. Basi, unaposubiri jibu la Mungu, panda kitu: mfundishe mtoto wa jirani kusoma, anza kibubu hata cha shilingi 500, palilia shamba ulilolitelekeza. Mikono iliyo kazini huusaidia moyo kuamini.

Usisubiri peke yako. Waebrania 6:19 inayaita matumaini nanga ya roho, na wavuvi wetu wanajua kwamba nanga haifai kitu bila kamba. Kwangu mimi kamba hiyo imekuwa jumuiya ndogo ndogo: watu wanaouliza mbona hukuonekana, na wanaokusalia siku ambayo wewe huwezi kusali. Iwapo huzuni imekushika kwa zaidi ya majuma mawili, huli, hulali, au unawaza kujiua, mweleze mtu unayemwamini na uende kituo cha afya siku hiyohiyo. Luka, mwandishi wa Injili, anaitwa tabibu katika Wakolosai 4:14, na kutibiwa hakupunguzi imani hata kidogo.

Jioni lifungue tena lile daftari. Ukurasa wa pili, andika jambo moja ulilopewa siku hiyo bila kuliomba, hata liwe dogo: samaki aliyeletwa na jirani, mvua iliyonyesha baada ya nguo kukauka, mgonjwa aliyekula vijiko vitatu vya uji. Siku ambayo huoni la kuandika, andika tarehe tu, uache nafasi, kisha ulale.