Kabla Hujazindua Mradi wa Blokicheni, Pitia Sheria Hivi

Wateja wangu wengi huandika programu yote kwanza, ndipo wanamtafuta mwanasheria. Wewe anza na karatasi: orodhesha kila taarifa itakayoingia kwenye mnyororo, yaani blokicheni yenyewe, daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Kuna jina, barua pepe au namba ya kitambulisho? Iondoe. Kifungu cha 17 cha GDPR, sheria ya data ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018, kinampa mtu haki ya kudai taarifa zake zifutwe, na blokicheni imeundwa isifutike. Taarifa binafsi zikae kwenye hifadhidata ya kawaida, mnyororoni iende heshi tu, yaani alama fupi inayokokotolewa kutokana na taarifa hizo. Hata hiyo heshi iongezee tarakimu za siri za kubahatisha. Siku ukizifuta tarakimu hizo, itakuwa vigumu mno kuihusisha na mtu.

Halafu tokeni, yaani sarafu ya kidijitali ya mradi wako. Kuiita "ya matumizi", si ya uwekezaji, hakukuokoi na sheria za uwekezaji. Kuamua kama kitu ni uwekezaji, Marekani bado wanatumia kipimo cha kesi ya Howey ya 1946, iliyohusu mashamba ya michungwa (ndiyo, michungwa): je, watu wametoa fedha kwenye shughuli ya pamoja wakitarajia faida kutokana na juhudi za wengine? Soma tangazo lako kwa sauti. Likiahidi bei kupanda, lirudishe mezani.

Sajili pia kampuni. "Mradi hauna mwenyewe" ni utetezi nisiopenda kuusikia: mwaka 2023 mahakama ya shirikisho huko California iliiamuru Ooki DAO, kundi la mtandaoni lililoendesha biashara ya sarafu za kidijitali bila kampuni, ilipe faini ya zaidi ya dola 640,000.