Kununua nyumba Dar es Salaam kupitia dalali: hatua kwa hatua

Nimefanya kazi ya udalali wa nyumba na viwanja kwa miaka mingi, zaidi upande wa Goba, Madale na Mbezi, na wanunuzi wengi ninaowapokea hudhani kwamba wakishapata dalali mwaminifu, uhakiki wa umiliki umekwisha. Kazi yangu ni kukukutanisha na muuzaji na kuwasaidia muafikiane bei. Kuthibitisha kwamba nyumba ni yake ni kazi ya ofisi ya ardhi, na huko uende wewe mwenyewe au wakili wako.

Hatua ya 1: Malipo ya dalali yajulikane mapema. Kabla hamjaanza kuzunguka, kubalianeni kwa maandishi ni asilimia ngapi na nani atalipa. Jihadhari na cha juu: mwenye nyumba anataka milioni 80, wewe unatajiwa 95, na tofauti inabaki kwa dalali bila pande zote mbili kujua. Kinga yake ni moja tu, nayo ni bei kujadiliwa ana kwa ana na mwenye nyumba. Dalali asiyetaka mkutane mpaka utoe fedha, achana naye.

Hatua ya 2: Nenda zaidi ya mara moja. Nenda mchana, kisha urudi baada ya mvua kubwa ya masika. Waulize majirani maji hufika wapi, na utazame ukutani, kwa kuwa alama ya maji hubaki hata baada ya kupaka rangi. Kama nyumba iko karibu na mto au bahari, kumbuka kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60. Kama iko kando ya barabara kuu, uliza mpaka wa hifadhi ya barabara, maana mwaka 2017 nyumba nyingi kuanzia Kimara kuelekea Kibaha zilibomolewa kwa sababu hiyo, zikiwemo za watu walioishi humo miaka mingi.

Hatua ya 3: Hakiki nyaraka. Hati miliki, leseni ya makazi (kibali cha muda cha kukaa kwenye eneo lisilopangwa) na karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa ni vitu vitatu tofauti, na nguvu zake hazilingani. Ya tatu inaonyesha tu kwamba watu fulani waliuziana mbele ya mashahidi. Kwa nyumba yenye hati, omba nakala, chukua namba ya kiwanja na ya kitalu, kisha uombe upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Majibu yatakuonyesha jina la mmiliki, na kama kuna rehani ya benki au zuio lolote. Baada ya hapo mlipe mpima ardhi aje akuonyeshe bikoni zote, yaani alama za mipaka zilizochimbiwa kwenye kona za kiwanja. Kiwanja kimoja cha Madale tulilazimika kufukua bikoni ya nne kwa jembe, tukaikuta ndani ya uzio wa jirani, hatua tatu kutoka mahali muuzaji alipotuonyesha. Kama nyumba ni ya urithi, anayestahili kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama ndugu wote wamekaa kikao na kukubaliana.

Hatua ya 4: Kutana na mwenza wa muuzaji. Hapa ndipo ninapokuwa mkali kuliko popote. Kwa mujibu wa kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, nyumba ya ndoa haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Siku moja huko Goba tulikuwa sebuleni tukijadili bei, mama mwenye nyumba akaingia na sinia la glasi za maji, akasimama nalo mkononi, akauliza, "Baba, hawa wageni wanauziwa nini?" Nilimwomba mteja wangu tuondoke, naye akanilaumu kwa wiki nzima. Tangu hapo sifikishi mtu kwa wakili kabla sijazungumza na wote wawili.

Hatua ya 5: Mkataba na malipo. Mkataba uandikwe na wakili wako, usiwe wa muuzaji wala wa dalali. Fedha ziende benki kwenye akaunti yenye jina lililo kwenye hati, na zisipite kwangu hata shilingi moja. Lipa kwa awamu, ubakize sehemu mpaka uhamisho ukamilike, na mkataba useme wazi nani analipa kodi ya ongezeko la mtaji (kodi ya faida anayopata muuzaji), ushuru wa stempu na gharama za uthamini.

Hatua ya 6: Makabidhiano. Dai stakabadhi za kodi ya pango la ardhi. Nunua umeme kidogo kwa mita ya nyumba hiyo uone kama kuna deni linalokatwa, kwa kuwa tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na malimbikizo yatakufuata wewe. Hati halisi ikae kwa wakili mpaka jina lako lisajiliwe. Siku hiyo ndiyo unayomalizia awamu ya mwisho.