Kabla ya Kuiamini Geji ya Upepo wa Tairi

Anayejiandaa kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma au Moshi hukagua oili, maji ya rejeta na breki, kisha hupitia kwa fundi tairi na kuomba ajaziwe upepo. Fundi huchomeka mpira wa kompresa, hutazama mshale, huinuka na kusema tayari. Wengi wetu hatuulizi kama mshale ule unasema kweli. Tairi lenye upepo pungufu likikimbizwa kwa mwendo mkubwa juu ya lami yenye joto hujikunja kupita kiasi kila linapozunguka, hupata moto ndani ya nyuzi zake, na linaweza kupasuka likiwa limebeba familia nzima. Ndiyo maana naiona geji inayodanganya kuwa mbaya kuliko kukosa geji kabisa, kwa sababu asiye na geji angalau huondoka akiwa na wasiwasi.

Kabla hujatafuta geji, ijue namba unayotaka kuipima. Imeandikwa kwenye kibandiko kilicho katika nguzo ya mlango wa dereva, na kwa magari mengi tuliyonayo, yaliyotumika Japani kabla ya kufika bandarini kwetu, kibandiko hicho kina maandishi ya Kijapani na hutaja kPa badala ya psi, vyote vikiwa vipimo vya msukumo wa upepo, kama ilivyo bar. Kumbuka kwamba kPa 220 ni sawa na bar 2.2, na ni karibu psi 32. Namba iliyochongwa ubavuni mwa tairi si ya kufuata, kwani hiyo ni kikomo ambacho tairi halipaswi kuvushwa, wala haikuandikwa kwa ajili ya gari lako. Geji yenye safu mbili za namba, psi na kPa, itakuepusha na hesabu za kichwani alfajiri.

Jambo la pili, ambalo wauzaji hawalisemi, ni ukubwa wa skeli, yaani safu ya namba za geji kutoka sifuri hadi mwisho. Usahihi wa geji za mshale hutajwa kama asilimia ya skeli nzima, na geji nyingi za kawaida huwa sahihi zaidi katikati ya skeli kuliko mwanzoni au mwishoni. Geji ya lori inayofika psi 160, yenye kosa la asilimia 3, inaweza kukosea karibu psi 5 popote mshale unaposimama, na kwa gari dogo linalohitaji 32 kosa hilo ni kubwa mno. Geji ya kufika 60 yenye kosa la asilimia 2 hukosea psi 1 na ushei tu. Kwa gari la nyumbani, mimi nachagua hiyo.

Kuhusu aina, geji ya kijiti inayofanana na kalamu ni rahisi na haihitaji betri, lakini vumbi likiingia kijiti hukwama. Ya kidijitali husomeka vizuri gizani, ila betri ikichoka namba zake huweza kuyumba. Ya mshale ndani yake ina mrija mwembamba wa shaba uliopinda, ubunifu wa Mfaransa Eugène Bourdon wa mwaka 1849. Upepo ukiingia mrija hujinyoosha kidogo na kuusukuma mshale. Ikianguka sakafuni mara moja tu, mrija huo unaweza kupinda usirudi ulivyokuwa, hata kama kioo hakikuvunjika. Hebu fikiria basi geji zinazoning'inia kwenye mipira ya kompresa, zinazoburutwa kutwa juu ya zege na kuingiwa na unyevu wa tangi.

Ukienda kununua kwenye maduka ya vipuri ya Kariakoo, usilipe kabla ya kuijaribu. Omba upime tairi moja mara tatu mfululizo, ukiibana geji wima juu ya valvu mpaka usisikie upepo ukivuja. Ikisoma 31, 31, 31, hiyo ni geji ya kuanzia nayo, hata kama ukweli ni 33, kwa maana kosa lisilobadilika unaweza kulijua na kulirekebisha. Ikisoma 29, kisha 33, kisha 30, irudishe.

Asubuhi moja nilipima tairi la mbele kushoto kwa geji tatu, yangu na mbili za mafundi wawili wa mtaani kwetu Tabata, bila kulisogeza gari. Ya kwanza ilisoma 27, ya pili 31, ya tatu 34. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nimejaza upepo kwa ile ya tatu. Tangu siku hiyo naandika kwenye utepe mdogo, nyuma ya geji, tofauti kati yake na geji ninayoiamini. Mwenye malori au mabasi asiishie kwenye utepe, apeleke geji yake kuu ikalinganishwe katika maabara ya ugezi, yaani ya kuhakiki vipimo, ya Shirika la Viwango Tanzania, pale Ubungo, kisha azipime geji nyingine kwa hiyo.

Hata geji sahihi itakupotosha ukipima kwa wakati mbaya. Tairi lipimwe likiwa baridi, gari likiwa limelala au limesimama kwa muda wa saa tatu hivi bila kupigwa na jua. Joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, upepo wa 32 huongezeka takribani psi moja na nusu, na baada ya mwendo mrefu ongezeko huwa kubwa zaidi. Aliyefika Chalinze na kuona 36 asipunguze upepo, kwa sababu tairi likipoa litabaki na upungufu.

Limebaki tairi la akiba. Kama gari lako lina lile jembamba la muda, kibandiko chake kwa kawaida hudai kPa 420, yaani psi 60, na geji inayoishia 60 itakuwa ukingoni mwa uwezo wake. Kwa tairi hilo azima geji inayofika 100, na ulipime kabla ya kupakia mizigo, kwa maana mabegi yakishakaa juu yake hakuna atakayekubali kuyashusha.