Daftari la wajina: nilivyomkutanisha Blaise na kina Blaise wenzake

Mtoto wa dada yangu anaitwa Blaise. Alizaliwa Uvira, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na huu ni mwaka wa nne anakaa kwangu hapa Kigoma. Kwao jina hilo halimshangazi mtu. Huku kila mmoja ana lake: darasani Blazi, dukani Bilesi, na mama yangu mzazi anamwita Blasi, kama padri anavyolisoma kanisani. Siku moja tukiwa tunapara migebuka uani akaniuliza: "Mama mudogo, hili jina langu ni la nani?"

Hakuuliza lina maana gani. Aliuliza ni la nani. Nimefundisha shule ya msingi miaka 31, na mpaka leo ni katekista, lakini nilikuwa na jibu moja tu: ni la Mtakatifu Blasi, somo wako. Uso wake ulinionyesha kwamba halikumtosha. Nikamwahidi kuwa siku ya kipaimara chake nitampa jibu kamili, limeandikwa kwa mkono wangu. Lilinichukua miezi minne na kaunta buku moja. Naeleza hapa nilivyofanya, ili mwenye mtoto wa jina lolote la namna hiyo, awe Étienne, Thierry au Gilles, aweze kumtengenezea lake.

Anza na sura za jina

Kabla hujatafuta mtu hata mmoja, jaza ukurasa wa kwanza kwa jina lenyewe katika kila lugha unayoweza kulipata. Blaise ni Kifaransa cha Blasius, jina la Kilatini ambalo wataalamu wengi huliunganisha na neno la kumtaja mtu mwenye kithembe. Waitaliano husema Biagio, Wahispania Blas, Wareno Brás, na watu wa Dubrovnik kule Kroatia husema Vlaho. Usipokuwa na orodha hii utapita mbele ya wajina wa mtoto wako bila kumtambua. Sisi tulishaonja adha yake: cheti cha ubatizo cha Blaise kimeandikwa Blasius, cha shule kimeandikwa Blaise, na ofisi moja ilituzungusha mara tatu ikisema hao ni watoto wawili.

Hapo hapo tenga jina la mtu na jina la ukoo. Blaise maarufu kuliko wote ni Blaise Pascal, mwanahisabati wa Ufaransa, na kwetu Paskali ni jina la ubatizo la watoto wengi waliozaliwa karibu na Pasaka. Kwa yule Mfaransa, Pascal ni ukoo. Kina Paskali wa mtaani si wajina wake, ingawa wanaweza kuwa na daftari lao.

Wa kwanza apewe nafasi yake

Majina mengi ya kale ya Kifaransa yana mtakatifu mlangoni. Kwa Blaise ni askofu wa Sebaste, mji ambao leo ni Sivas, Uturuki. Aliuawa kwa ajili ya imani mwanzoni mwa karne ya 4. Mapokeo yanasema aliraruliwa kwa vitana vya chuma vya kuchania sufu, na ndiyo maana wachana sufu wa Ulaya walimfanya msimamizi wao. Mapokeo hayo hayo yanasema alimponya mtoto aliyekwamwa na mwiba wa samaki kooni.

Mtoto wa ziwani anaelewa habari ya mwiba haraka kuliko habari ya karne. Nilimkumbusha alivyokwamwa na mwiba wa mgebuka akiwa darasa la tatu, bibi akimlisha tonge za ugali mkavu huku akilia. Kisha nikampeleka misa ya tarehe 3 Februari. Padri huweka mishumaa miwili iliyopishana kama msalaba kwenye koo la kila mmoja na kumwombea akingwe na maradhi ya koo. Alikuwa amesimama kwenye mstari huo miaka yote bila kujua kwamba siku ile ni yake. Nilimwacha aandike mwenyewe ukurasa huo, na hati yake imepinda, na sikuirekebisha. Huko Dubrovnik sikukuu hiyo huadhimishwa mji mzima kwa maandamano, na mwaka 2009 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Kila mtu na vitu vitatu

Kwa kila wajina nilijiwekea vitu vitatu: alizaliwa na kufa wapi na lini, alifanya nini kwa mikono yake, na kitu gani cha leo kinaweza kumwonyesha mtoto kazi hiyo. Miaka niliitafuta katika vitabu viwili visivyonakiliana kabla ya kuiandika kwa kalamu ya wino. Kabla ya hapo ilikaa kwa penseli. Kifaransa changu nilikiokota Uvira kwa shemeji, kwa hiyo mistari migumu nilimsomea kwa simu naye akanifafanulia.

Kitu cha tatu ndicho chenye kazi. Bila hicho daftari linakuwa makaburi.

Pascal alichukua kurasa sita, na sijutii. Alizaliwa mwaka 1623 Clermont, leo Clermont-Ferrand, katikati ya Ufaransa. Baba yake alipelekwa Rouen kusimamia kodi, akawa anakesha na majumlisho. Mwaka 1642 kijana, hajatimiza miaka 20, alianza kumtengenezea baba mashine ya magurudumu yenye meno: gurudumu la mamoja likimaliza mzunguko, linalisukuma la makumi hatua moja. Blaise wangu alikata maboksi ya biskuti akatengeneza magurudumu mawili, akapitisha vijiti vya mshikaki katikati. Halikuhesabu vizuri, ila alipolizungusha kutoka 9 na lile la pili likasogea, alipiga kelele mpaka jirani akachungulia.

Kisha hewa. Tarehe 19 Septemba 1648, shemeji yake Pascal, Florin Périer, alipanda mlima Puy de Dôme na neli ya kioo yenye zebaki, huku mtawa mmoja akibaki bustanini kule mjini akiangalia neli ya pili. Kileleni zebaki ilishuka zaidi ya sentimita 8. Ile ya bustanini haikusogea. Hapo ilionekana kwamba hewa ina uzito, na ukipanda juu uzito huo unapungua. Zebaki usimpe mtoto, ni sumu. Chukua glasi, ijaze maji mpaka ukingoni, funika na kadi ngumu, shika kadi, pindua, achia kadi taratibu. Maji hayamwagiki, kwa sababu hewa inaisukuma kadi kutoka chini. Fanyia uani, maana mara ya kwanza yatamwagika tu. Na akisikia utabiri wa hali ya hewa ukitaja hektopaskali, kipimo cha msukumo wa hewa, atajua ni jina la nani linalosomwa.

Kuna na usafiri. Machi 1662, miezi mitano kabla ya kufa akiwa na miaka 39, Pascal na wenzake walianzisha Paris magari ya farasi yenye njia maalumu na nauli moja ya soli 5 (sarafu ya Ufaransa ya wakati huo), yaliyoondoka kwa wakati hata kama hayajajaa. Mtoto aliyezoea daladala inayongoja abiria wa mwisho alinitazama kama namdanganya. Nikamwambia na upande wa pili: mahakama kuu ya Paris iliwakataza askari wa kawaida, watumishi na vibarua kupanda. Mwanzo wa usafiri wa umma, na umma wenyewe ukaachwa barabarani. Liandike na hilo.

Wengine waligharimu nusu ukurasa. Blaise Cendrars, mshairi aliyezaliwa Uswisi mwaka 1887, nilijiuliza kama anastahili kuingia, kwa sababu wazazi walimwita Frédéric-Louis Sauser na hilo la Blaise alijichagulia mwenyewe ukubwani. Nilimwingiza kwa sababu hiyo hiyo: mtu aliyelitaka jina ambalo mtoto wetu alipewa bure. Alipoteza mkono wa kulia vitani mwaka 1915 akajifunza kuandika kwa kushoto. Blaise Nkufo alizaliwa Kinshasa mwaka 1975, akaichezea Uswisi mpira wa miguu na kufunga mabao mengi Uholanzi akiwa klabu ya Twente. Blaise Matuidi, mzaliwa wa Toulouse, baba Mwangola na mama Mkongo, alitwaa Kombe la Dunia na Ufaransa mwaka 2018. Hawa wawili mtoto aliwajua kabla yangu.

Usiwafiche wenye doa

Hapa ndipo wengi hukosea, na mimi nilikaribia. Dada alinipigia simu akisema daftari la kipaimara liwe na watu wema tu. Tulibishana jioni nzima. Nilimwambia mwanao atakutana nao siku moja, na akikutana nao peke yake atadhani tulimficha.

Blaise de Monluc alikuwa askari wa wafalme wa Ufaransa katika karne ya 16, jasiri kweli, na pia aliwaua Waprotestanti wa kusini-magharibi kwa ukatili ambao mwenyewe aliuandika bila kuona haya. Mwaka 1570 risasi iliharibu uso wake, akaishi maisha yaliyobaki akivaa barakoa. Blaise Compaoré aliingia madarakani Burkina Faso tarehe 15 Oktoba 1987, siku aliyouawa rafiki yake, Rais Thomas Sankara, akatawala mpaka wananchi walipomwondoa Oktoba 2014. Mwaka 2022 mahakama ya kijeshi ya Ouagadougou ilimhukumu kifungo cha maisha, yeye akiwa hayupo, kwa kushiriki katika mauaji hayo. Niliandika tarehe na hukumu, basi. Mtoto wa miaka 13 hahitaji umwongezee maneno ya hasira.

Aliyenisumbua zaidi ni Blaise Diagne, maana yeye hakai upande mmoja. Alizaliwa mwaka 1872 katika kisiwa cha Gorée, Senegal. Alikuwa afisa wa forodha, akahamishwa kutoka koloni moja hadi jingine, mpaka Réunion na Madagaska huku kwenye bahari yetu. Mwaka 1914 akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika bunge la Ufaransa. Mwaka 1916 alipitisha sheria iliyothibitisha uraia wa wenyeji wa miji minne ya Senegal: Saint-Louis, Gorée, Dakar na Rufisque. Halafu mwaka 1918 akazunguka Afrika Magharibi kuwaandikisha vijana kwenda kuipigania Ufaransa, akapata zaidi ya 60,000. Wengine wanamwita mtetezi, wengine wanamwita mtu aliyewauza wenzake. Nilimpa ukurasa wenye mstari katikati, kushoto haya, kulia yale, nikaacha nafasi chini ili Blaise aandike lake akikua. Uwanja wa ndege wa Dakar uliofunguliwa Desemba 2017 una jina la mtu huyu.

Angalia sifa zisizo na mwenyewe

Blaise de Vigenère alizaliwa mwaka 1523 na kufa 1596. Nilikuwa nimeshamwandika kwa wino kwamba aligundua maandishi ya siri yanayoitwa kwa jina lake. Nilipofika kitabu cha pili nikakuta njia hiyo ilichapishwa na Mwitaliano, Giovan Battista Bellaso, mwaka 1553, na kwamba jina la Vigenère lilibandikwa karne nyingi baadaye. Yeye alibuni njia nyingine iliyo ngumu zaidi. Niliuchana ukurasa nikaandika upya. Jina la mtu juu ya kitu si ushahidi kwamba alikitengeneza. Kila ukikuta neno "mgunduzi" rudi kwenye penseli.

Siri yenyewe, hata hivyo, ndiyo iliyompendeza mtoto kuliko vyote, na jina lake lina herufi sita zinazofaa kabisa kuwa ufunguo. A ihesabu 0, B ni 1, endelea hadi Z ambayo ni 25. Andika KARIBU, na chini yake BLAISE. Jumlisha kila herufi na iliyo chini yake. Jumla ikizidi 25, toa 26. K ni 10, B ni 1, jumla 11, ambayo ni L. A ni 0, L ni 11, jumla 11, L tena. Ukimaliza utapata LLRQTY. Tazama hizo L mbili: moja ni K, nyingine ni A. Ndiyo maana asiye na ufunguo huhangaika. Kusoma, unatoa badala ya kujumlisha, na ukipungukiwa unaazima 26. Ujumbe ukizidi herufi sita, rudia ufunguo tangu mwanzo.

Nilifunika kaunta buku kwa kipande cha kitenge kilichobaki kwenye sare ya familia, nikaacha kurasa kumi tupu nyuma. Siku ya kipaimara alilipokea, akalifungua palepale nje ya kanisa, akampita mtakatifu na kwenda moja kwa moja kwenye mashine ya magurudumu. Sikumwambia kitu.

Likizo alikwenda Uvira na daftari lake. Siku ya tatu simu ikaingia ujumbe: "Mama mudogo, soma hii: BDAVLI. Ufunguo unaujua." Nilivaa miwani, nikachukua penseli, nikaandika jina lake chini ya zile herufi.