Somo: Kuomba huduma za msaada chuo kikuu, na barua ya daktari iliyoniponza

Swali la jinsi ya kuomba huduma za msaada chuoni limeulizwa tena wiki hii, nami nimechoka kulijibu vipande vipande, kwa hiyo nimeamua kuliandika mara moja. Somo linawahusu wanafunzi wenye ulemavu pamoja na wanaotoka katika kaya zenye kipato duni, kwa sababu njia ya kuomba inafanana kwa sehemu kubwa.

Hatua ya 1. Tafuta ofisi inayohusika kabla masomo hayajaanza. Usipoiona, muulize mshauri wa wanafunzi.

Hatua ya 2. Jaza fomu na ubaki na nakala yake.

Hatua ya 3. Andaa vithibitisho. Hapa ndipo nilipoharibu. Nina uoni hafifu, na barua niliyoiwasilisha mwaka wa kwanza ilikuwa na mhuri, jina refu la ugonjwa na sentensi moja tu ya kuomba nisaidiwe inavyowezekana. Ofisi ikanisaidia ilivyowezekana: siku ya mtihani nilikuta karatasi ya maswali imekuzwa kwa mashine ya fotokopi kutoka A4 hadi A3. Ukuzaji huo ni wa asilimia 141 tu, yaani herufi za pointi 12 zinafikia pointi 17 hivi, ilhali mimi nahitaji 24. Isitoshe, karatasi ilikuwa pana kuliko kibao cha kiti, na kila nilipoinama kuandika iliteleza ikaanguka sakafuni. Nilipokwenda kulalamika, nilifunguliwa faili nikaonyeshwa barua yangu mwenyewe, nikakosa la kusema.

Jina la ugonjwa peke yake haliiambii ofisi ugonjwa huo unakuzuia kufanya nini. Mwombe daktari ataje shughuli zinazoathirika, kama vile kusoma, kuandika kwa mkono, kusikia ukumbini au kukaa kwa muda mrefu. Aeleze ni kwa kiwango gani, kama hali ni ya kudumu au hupanda na kushuka, na apendekeze marekebisho unayohitaji kwa vipimo, kama vile herufi za pointi 24 au muda wa ziada wa mtihani. Tahadhari: usiende kwake mikono mitupu, bali andika nusu ukurasa kuhusu siku yako ya masomo ili apate pa kuanzia. Tahadhari nyingine: kwa kawaida marekebisho hayarudi nyuma, hivyo mtihani uliofanywa kabla ya kibali hubaki na alama zake.

Wanaoomba kwa sababu ya kipato wafuate kanuni hiyohiyo. Barua inayosema tu kwamba familia haina uwezo haina uzito kama ile inayotaja nani anaingiza kipato, wangapi wanamtegemea na nini kimebadilika karibuni.

Hatua ya 4. Kutana na mshauri, na mkubaliane kwa maandishi.

Hatua ya 5. Wafikishie wahadhiri barua ya ofisi mapema, kisha uombe upya kila hali yako inapobadilika.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwendokasi: Naomba mfano wa barua ya daktari ili niunakili.

Jibu: Barua isiyosema lolote kunihusu ndiyo iliyoniponza. Soma hatua ya 3.

Mwendokasi: Sawa, lakini muda wa ziada ni kiasi gani?

Jibu: Unategemea vithibitisho ambavyo bado hujaviandaa. Nyongeza ya robo hutolewa mara nyingi, yaani mtihani wa saa 2 unakuwa wa saa 2 na nusu. Wengine hupewa zaidi.

Kalamu Nzito: Nina disleksia, yaani ugumu wa kusoma na kutahajia maneno, na watu wakinitazama hawaoni ulemavu wowote. Je, si kama ninawadhulumu wenzangu nikiongezewa muda?

Jibu: Swali zuri sana, ndugu yangu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, hauhesabu ulemavu unaoonekana kwa macho peke yake, na Ibara ya 24 inazitaka nchi wanachama zihakikishe marekebisho stahiki hadi elimu ya juu. Maswali utakayojibu ni yaleyale na usahihishaji ni uleule. Kinachoondolewa ni kizuizi cha kasi ya kusoma, ambacho mtihani wa historia, kwa mfano, haukukusudia kukipima. Ukitaka kujua kama muda unakusaidia kweli, jipime nyumbani kwa mitihani ya zamani, mmoja kwa muda wa kawaida na mwingine kwa muda wa ziada, kisha umpelekee mshauri matokeo yote mawili.

Sikio la Tatu: Kisoma skrini changu, yaani programu inayonisomea maandishi kwa sauti, kinanyamaza kwenye baadhi ya mafaili ya PDF ya mhadhiri. Tatizo ni programu?

Jibu: Yaelekea ni faili. Jaribu kuteua neno moja. Likikataa kuteuliwa, ukurasa huo ni picha, na unahitaji kupitishwa kwenye programu ya kutambua herufi. Iombe ofisi ilifanye hilo kwa orodha nzima ya vitabu kabla ya muhula. Katika nchi zilizojiunga na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, taasisi zinazotambuliwa zinaweza kuwatengenezea wasioweza kusoma chapa ya kawaida nakala zinazosomeka bila kumwomba mwenye hakimiliki ruhusa.

Mkono Mwepesi: Naongezea kwa viziwi wenzangu. Mpeni mkalimani wa lugha ya alama slaidi na istilahi siku chache kabla ya mhadhara, kwa sababu neno lisilo na alama hulazimika kutahajiwa kwa vidole, herufi kwa herufi, na mhadhiri hasubiri. Kwa mhadhara mrefu ombeni wakalimani wawili wanaopokezana.

Jibu: Hilo sikulijua. Nitaliingiza katika hatua ya 4.