Jinsi ya kusahihisha utabiri wa msimu wa vimbunga kwa daftari lako mwenyewe

Mwezi wa tano 2024 shangazi yangu alinipigia toka Tanga, shikamoo yangu hata hajaiitikia vizuri ananiuliza kwa nini bado tupo Houston wakati kwenye grupu la WhatsApp wameandika vimbunga 25 vinakuja Marekani. Ikabidi nimuelezee pole pole. Watu wa hali ya hewa wa Marekani, NOAA, hawakusema 25, walisema dhoruba zenye jina 17 hadi 25, na katika hizo vimbunga kamili 8 hadi 13, na vikubwa 4 hadi 7. Grupu likachukua namba ya juu kabisa, likafuta neno dhoruba, likaweka vimbunga, likatuma. Akaniuliza swali moja tu, "kwani huwa wanapatia?" Sikuwa na jibu. Nikanunua daftari.

Hii ndo njia ninayotumia toka siku hiyo, haitaki usome hali ya hewa chuoni, inataka uvumilivu wa miezi sita na hesabu za darasa la tano.

Kwanza andika utabiri kabla mtihani haujaanza. Msimu wa Atlantiki ni tarehe 1 mwezi wa 6 hadi 30 mwezi wa 11, NOAA wanatoa utabiri wao mwishoni mwa mwezi wa 5, na wale wa chuo kikuu cha Colorado State, waliokuwa na mzee William Gray aliyeanza mambo haya 1984, wanatoa mapema zaidi, mwezi wa 4, afu wanarekebisha njiani. Chagua mmoja, andika na tarehe pembeni. Tarehe ni muhimu kuliko unavyodhani, maana mwezi wa 8 wote wanatoa namba mpya na hapo ndo watu wanachanganyikiwa. Angalia 2020: mwezi wa 5 NOAA walisema dhoruba 13 hadi 19, mwezi wa 8 wakapandisha mpaka 19 hadi 25, ila wakati wanapandisha dhoruba 9 zilikuwa zimeshatokea na zimo ndani ya hesabu. Ni kama kutabiri matokeo ya mechi wakati wa mapumziko, sio vibaya, ina faida yake, ila usimpe maksi sawa na aliyetabiri kabla ya filimbi. (Na bado walikosa, zilifika 30.)

Pili, daftari liwe na safu tatu na usizichanganye hata siku moja. Dhoruba yenye jina ni upepo kuanzia km 63 kwa saa, hapo ndo inapewa jina. Ikifika km 119 ni kimbunga. Ikifika km 178 ni kimbunga kikubwa, yani daraja la 3 kwenda juu kati ya madaraja matano ya nguvu ya kimbunga. Kila kimbunga kinahesabiwa pia kwenye dhoruba, kwa hiyo usijumlishe safu, nimeona mtu kajumlisha 14 na 7 na 3 akapata 24 akaanza kutisha watu. Hizo 14, 7 na 3 ndo wastani wa mwaka, umepigwa kwa miaka ya 1991 hadi 2020, ziandike kwenye jalada la daftari utazihitaji.

Tatu, majibu ya mtihani yanatoka kituo cha vimbunga cha Miami, ila usiandike kwa wino mwezi wa 12 ukadhani umemaliza. Wale jamaa wanakaa wanapitia upya kila dhoruba, ndege zilipima nini, satelaiti ilionyesha nini, na hesabu inabadilika. Msimu wa 2005 waligundua dhoruba nzima baadae ambayo hata jina haikupewa, ndo maana utaona sehemu nyingine imeandikwa 27 na nyingine 28. Kimbunga Zeta cha 2020 nacho kilipandishwa daraja kikawa kikubwa baada ya msimu kuisha. Mi natumia penseli mpaka mwezi wa 4.

Sasa kusahihisha. NOAA hawatoi namba moja, wanatoa kutoka hapa hadi hapa, na wanasema wana uhakika wa asilimia 70. Watu wanaruka hiyo 70 kama tangazo la biashara, kumbe ndo swali lenyewe la mtihani. Maana yake wao wenyewe wanakuambia katika miaka 10, mitatu tutakosa. Kwa hiyo mwaka mmoja hauwezi kukuambia kama ni wazuri au wabaya, lazima uchukue miaka mingi. Hii hapa safu ya vimbunga kamili kama ilivyo kwenye daftari langu, utabiri wa mwezi wa 5:

2016: walisema 4 hadi 8, vikatokea 7
2017: 5 hadi 9, vikatokea 10
2018: 5 hadi 9, vikatokea 8
2019: 4 hadi 8, vikatokea 6
2020: 6 hadi 10, vikatokea 14
2021: 6 hadi 10, vikatokea 7
2022: 6 hadi 10, vikatokea 8
2023: 5 hadi 9, vikatokea 7
2024: 8 hadi 13, vikatokea 11
2025: 6 hadi 10, vikatokea 5

Hesabu mwenyewe. Walipatia mara 7, wakakosa 2017, 2020 na 2025. Saba kwa kumi, vile vile walivyoahidi! Nilipoona hivyo nikarudia mara mbili nikidhani nimekosea.

Ila hapo usiwape hongera bado, maana ukisema "kutoka 0 hadi 40" utapatia kila mwaka na hujasaidia mtu. Kwa hiyo kuna mtihani wa pili nauita mtihani wa mvivu. Mvivu hatabiri chochote, kila mwaka anataja wastani uliopo mezani basi anarudi kulala. Mpaka 2020 wastani uliotumika ulikuwa vimbunga 6, kuanzia 2021 ukapanda kuwa 7. Chukua katikati ya namba za NOAA (5 hadi 9 katikati yake ni 7), angalia alikosa kwa ngapi, afu mvivu alikosa kwa ngapi, jumlisha miaka yote. Nimefanya: NOAA jumla ya makosa 15.5, mvivu 22. Kwa hiyo wanamshinda mvivu, ila sio kwa mbali vile, ni kama nusu kimbunga na kitu kwa mwaka, na zaidi ya nusu ya makosa ya pande zote mbili yametoka 2017 na 2020 peke yake. Miaka 10 ni michache pia, usije ukaenda kubishana na maprofesa kwa daftari la kurasa arobaini.

Halafu kuna kitu idadi haionyeshi kabisa. Mwaka 2013 NOAA walisema dhoruba 13 hadi 20, zikatokea 14, wamepatia eh? Sasa angalia safu ya pili: walisema vimbunga 7 hadi 11, vikatokea 2. Vikubwa 3 hadi 6, havikutokea hata kimoja. Ulikuwa msimu wa dhoruba legelege zinapewa jina zinakufa. Ndo maana wataalamu wana kipimo kinaitwa ACE, kinapima nguvu na muda kwa pamoja, na unaweza kukipiga mwenyewe: chukua upepo wa dhoruba kwa maili za baharini kwa saa, kila baada ya masaa 6, izidishe namba kwa yenyewe, jumlisha zote, gawa kwa 10,000. Dhoruba ya maili 50 ikikaa siku moja, 50 mara 50 ni 2,500, mara nne ni 10,000, ukigawa inapata pointi 1. Kimbunga cha maili 100 siku hiyo hiyo kinapata pointi 4. Upepo mara mbili, pointi mara nne. Wastani wa msimu ni kama 123, na ule wa 2013 uliishia kama 36. Msimu wa 2025 ni kinyume chake, dhoruba 13 tu na vimbunga 5, ukihesabu vichwa unasema mwaka wa kupumzika, lakini kati ya hivyo vitano vinne vilikuwa vikubwa na vitatu vilifika daraja la 5, Erin, Humberto na Melissa. Ukiwa na safu ya nne ya ACE huwezi kudanganywa.

Kwa nini wanakosa? Mara nyingi mwizi ni El Nino, ile hali ya maji ya bahari ya Pasifiki kupata joto kupita kawaida, na huyu sisi tunamjua. Ile mvua ya mwisho wa 1997 iliyokata barabara na madaraja huko nyumbani, mwaka huo huo Atlantiki ilipata vimbunga 3 tu, maana El Nino inapeleka upepo mkali wa juu unaokatiza dhoruba kichwa kabla haijasimama. Shida ni kwamba mwezi wa 4 na wa 5 ndo wakati mgumu kuliko yote kujua kama El Nino inakuja. 2006 walisema vimbunga 8 hadi 10, El Nino ikaingia katikati, vikatoka 5. Afu 2023 El Nino ilikuwepo kweli, vuli ya huko nyumbani ikawa mafuriko kama kawaida yake, lakini maji ya Atlantiki yalikuwa ya moto kupita kiasi, dhoruba zikafika 20 wakati walisema 12 hadi 17. Kwa hiyo pembeni ya kila mwaka weka maneno mawili: El Nino ipo au haipo, bahari ya moto au ya kawaida. Baada ya mistari michache unaanza kuona mwenyewe.

Na kitu ambacho utabiri huu hausemi, na wao wenyewe wanakiri, ni kimbunga kitapiga wapi. 2010 kulikuwa na vimbunga 12 na hakuna hata kimoja kilichotua Marekani kikiwa bado kimbunga. 1992 vilikuwa vinne tu, mmoja wao Andrew, ukaichanachana Florida ya kusini. Sisi hapa 2024 tulipigwa na Beryl tarehe 8 mwezi wa 7, daraja la 1 tu, wala hakihesabiwi kikubwa kilipotua, na zaidi ya wateja milioni 2 wakakosa umeme. Kwetu zilikuwa siku tano. Nyama yote ya friza tuliichoma parking na majirani Wakongo, joto kama tanuri, na daftari liko ndani ya begi limeandikwa vizuri kabisa 8 hadi 13. Maji na betri nanunua mwezi wa 5 bila kufungua ukurasa.

Shangazi sasa anataka daftari la kwake, awasahihishe TMA, watu wa hali ya hewa wa Tanzania, kwenye vuli. Nimemwambia huko ni kugumu zaidi maana wanaandika "wastani hadi chini ya wastani", sasa hapo mtu kapatia lini na kakosa lini, lazima kwanza akubaliane na nafsi yake kabla mvua haijaanza. Amesema ameshakubaliana, na ameshaweka kopo la kupimia nyuma ya jiko.