Bifokali bila kutumbukia mtaroni: namna ya kuchagua miwani na kuizoea

Mi ni fundi cherehani, nina miaka 49, na bifokali yangu ya kwanza (miwani yenye lenzi ya mbali juu na dirisha dogo la kusomea chini, mstari katikati) ilinitumbukiza mguu mzima kwenye mtaro mchana kweupe huku mteja ananiangalia. Nikaivua, nikaitia kwenye kopo la vifungo ikakaa miezi mitano, kila mtu namwambia bifokali hazinifai. Kumbe macho hayakuwa na shida, mstari ulikuwa umekaa juu mno na mimi mwenyewe sikuwa nimemwambia aliyenipima kazi yangu ni ipi. Sasa kwa vile mafundi wenzangu wa rika hili wananiuliza kila siku, wacha niandike mara moja.

Kwanza kinachotokea. Ukifika arobaini na kitu, lenzi iliyo ndani ya jicho inaanza kukakamaa, zamani ilikuwa inajibadilisha yenyewe kila ukihamisha macho toka mbali kuja karibu, sasa inagoma, ndo unajikuta unasogeza simu mbali mpaka mkono unaisha. Wataalamu wanaita presibayopia. Hujarogwa, na wala sio kile kibatari ulichosomea utotoni. Na ile habari kwamba ukianza miwani ndo macho yanaharibika zaidi, hapana, lenzi itakakamaa uvae usivae, mpaka kwenye sitini hivi namba inaanza kutulia.

Sasa kabla hujaenda kupima macho chukua tepu. Ndio, tepu hii hii ya kupimia viuno. Kaa kwenye kazi yako unavyokaa siku zote, usijinyooshe kwa sababu unajipima, mpe mtoto ashike upande mmoja pembeni ya jicho lako na upande wa pili ufike kwenye kitu unachokitazama. Mimi nilipata hivi: sindano ya mkono sentimita 33, sindano ya cherehani 45, kitambaa nikiwa nakata mezani 65, simu 38, mteja akiwa mlangoni mita tatu. Andika kwenye karatasi uende nayo. Kwenye chumba cha kupimia mara nyingi wanakupa kadi ya kusoma kwenye sentimita 40 hivi, ukisoma vizuri wanaandika namba, umemaliza. Kama kazi yako iko kwenye 65 hiyo namba itakusumbua, na hutajua kwanini.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Chukua 100 ugawe kwa namba ya miwani ya kusomea, unapata sentimita ambazo hiyo lenzi inatazama vizuri kwa mtu ambaye mbali anaona sawa. Plus 2.50 ni sentimita 40, plus 2 ni 50, plus 1.50 ni kama 67. Ukiwa na miaka 43 jicho bado lina nguvu kidogo ya kujivuta kwa hiyo unahitaji namba ndogo kuliko hiyo hesabu inavyosema, ndo maana wengi wanaanza na plus 1 tu. Kwa hiyo anayekwambia "mama chukua kubwa zaidi utaona vizuri zaidi" anakudanganya, ukichukua kubwa utalazimika kuinamia kitu kama unakinusa, jioni shingo yote inauma.

Ukishapimwa utapewa karatasi. Jicho la kulia na la kushoto kila moja lina mstari wake, halafu kuna sehemu imeandikwa ADD, hiyo ndo nyongeza ya kusomea inayowekwa kwenye dirisha la chini la bifokali. Omba pia wakuandikie PD, umbali kati ya mboni mbili kwa milimita. Wengi hawaiandiki mpaka uombe, na ikikosewa utaona unavutwa macho kama mtu aliyekesha msibani.

Haya, uchague ipi?

Kama mbali unaona freshi kabisa na shida ni kusoma tu, usijitese, chukua miwani ya kusomea ya kawaida. Zile zinazouzwa barabarani haziui mtu, ila zina namba moja sawa macho yote mawili na hazirekebishi astigimatizimu, yaani jicho ambalo mbele halikukaa duara sawasawa, kwa hiyo kama jicho moja limezidi lenzake, kichwa kitakugonga. Za kusoma meseji mbili tatu sawa, za kushona sare za shule thelathini, hapana. Na wewe usiyeona mbali, mwenye minus ya 2 au 2.50, ambaye ukivua miwani unasoma vizuri, hiyo ni zawadi, vua usome, mbona rahisi.

Bifokali ni ya mtu ambaye mbali na karibu vyote vinamsumbua, au amechoka kuvaa na kuvua. Juu mbali, chini dirisha la karibu. Dirisha lina maumbo: kuna la herufi D iliyolala, lile la kawaida lina upana wa milimita 28, kuna la mviringo ambalo halionekani sana usoni, na kuna mstari unaokata lenzi nzima toka upande hadi upande. Mi nilianza na la mviringo kwa ajili ya urembo nikajuta, maana sehemu pana ya kusomea iko chini kabisa, inabidi uzungushe macho mpaka kwenye mashavu. D nzuri zaidi kwa kazi. Benjamin Franklin, yule Mmarekani, mwaka 1785 aliandika kwenye barua kwamba alikatisha lenzi za aina mbili zikaungwa nusu kwa nusu kwenye fremu moja, na faida aliyoisifia ni kwamba akiwa mezani Ufaransa anaona chakula chake na pia sura za wanaoongea, na kwa vile Kifaransa chake hakikuwa kikali, kuona sura kulimsaidia kuelewa. Ndo kazi yake hasa bifokali: sahani na mtu wa mbele yako. Lakini angalia, hapo katikati hakuna kitu. Kile kitambaa changu cha sentimita 65, na kompyuta yako ya ofisini, vinaangukia kwenye pengo, juu hakionekani, chini hakionekani, unabaki unainua kidevu kama kuku anakunywa maji.

Progresivu ndo inajaza hilo pengo, haina mstari, namba inaongezeka taratibu toka juu kwenda chini. Bei yake iko juu na pembeni kuna ukungu, haukwepeki, ndivyo lenzi inavyotengenezwa. Fremu isiwe nyembamba, lenzi iwe na kimo cha milimita 30 hivi kwenda juu, la sivyo wanakata ile sehemu ya kusomea uliyoilipia. Na progresivu hupimwi PD ya jumla, kila jicho linapimwa peke yake toka katikati ya pua, na wanaweka alama ya wino mbele ya mboni ukiwa umevaa fremu yenyewe. Duka lisilofanya hivyo usiwape hela ya progresivu.

Uamuzi wangu mimi baada ya mateso yote: bifokali ya D ya kutembelea na kuhudumia wateja, na miwani nyingine ya bei ndogo ya namba moja tu inayokaa kwenye meza ya kukatia, haitoki hapo. Fundi umeme au fundi magari anayelala chini ya gari, ambaye kitu cha karibu kiko juu ya kichwa chake, kuna bifokali zenye madirisha mawili, chini na juu, ulizia. Lenzi za kubandika jichoni nazo zipo, jicho moja linapewa la mbali lingine la karibu, wapo wanaozipenda, mimi na vumbi la hapa sijathubutu. Na usidhani leza itakuondolea hili la umri, ile inachonga kioo cha mbele cha jicho, lenzi ya ndani inaendelea kukakamaa kama kawaida.

Siku ya kuchukua miwani ndo siku ya kuwa mkorofi. Usiivae, ukalipa, ukaondoka. Simama, tazama mbali mbele yako, mtu wa urefu wako asimame mbele aangalie mstari uko wapi. Wa bifokali unatakiwa ugusane na ukingo wa kope la chini. Wangu wa kwanza ulikuwa unakata katikati ya mboni, yaani nikitembea nusu ya dunia naiona kwa lenzi ya kusomea. Niliporudi miezi mitano baadaye, duka lingine, kijana akaniangalia akacheka kidogo.

"Mama, ulipimwa ukiwa umekaa au umesimama?"

"Nilikaa, nimeinamisha kichwa, nasoma ile kadi."

"Basi ndo hapo."

Akaipanua pua ya fremu mstari ukashuka milimita kama mbili, akasema zaidi ya hapo lenzi zikatwe upya. Na kuna hili la joto: Dar ukitoka jasho miwani inateleza, ikiteleza dirisha la kusomea linashuka nayo, unaanza kuilaumu namba. Kwetu wenye pua pana chagua fremu yenye vile vipedi vya pua vinavyokunjika, waikaze na nyuma ya masikio, mara nyingi hawatozi.

Sasa kuizoea. Ianze asubuhi, sio jioni macho yamechoka, na uivae siku nzima. Hii ya kuvaa saa moja ukarudi kwenye ya zamani ndo inayochelewesha, ubongo haujui ufuate ipi. Siku mbili tatu za kwanza usiendeshe gari wala bodaboda. Kaa nyumbani kwanza, chukua ungo wa mchele uweke mapajani, chambua: kidevu kikae pale pale, macho ndo yashuke. Ukiinamisha kichwa unatazamia lenzi ya mbali na mawe yote utayala. Halafu inua macho mtazame mtu mlangoni, rudi kwenye mchele, mlangoni, mchele. Utaona pale kwenye mstari kitu kinaruka, punje ipo hapa mara imehamia pale, usishtuke, ni lenzi mbili zimekutana, wiki hivi utaacha kuiona.

Kutembea ni kinyume chake, na hapa ndo watu wanaanguka. Ngazi, mtaro, kushuka kwenye daladala: hapa kidevu kiende kifuani, ili uone miguu kwa lenzi ya juu. Ukishusha macho tu unatazama chini kwa lenzi iliyotengenezwa kwa sentimita 40, wakati ardhi iko mita moja na nusu, ngazi inaonekana imevimba na iko karibu kuliko ilivyo. Ndo mguu wangu ulivyoenda mtaroni. Shika reli, shika ukuta, mwambie konda asubiri, atanuna lakini atasubiri. Mzazi wako wa miaka sabini na ambaye ameshawahi kuanguka, mnunulie ya mbali peke yake ya kutokea nje, bifokali ibaki nyumbani ya kusomea msahafu au Biblia.

Kwa progresivu somo ni moja: pua ielekee kwenye kitu unachotazama. Usiibie kwa jicho la pembeni, geuza kichwa.

Wiki mbili zinatosha kwa wengi. Zikiisha bado kichwa kinauma, au sakafu inaonekana imeinama, usivumilie kwa sababu umelipa, rudi na miwani na ile karatasi, wapime lenzi kwenye mashine yao walinganishe na kilichoandikwa. Kabla ya kurudi jaribu hivi: ziba jicho moja soma, ziba lingine soma. Kama kila moja peke yake linaona vizuri ila yakiwa pamoja ndo tabu, mwambie apime PD upya.

Kuna ambao wasinunue kabisa kwanza. Una kisukari na sukari inapanda inashuka, namba ya macho nayo inacheza, unaweza kupimwa Jumatatu ukapata namba ambayo wiki ya tatu sio yako, tuliza sukari ndo upime. Na ukipimwa baada ya arobaini waombe wapime na presha ya macho, ile mara nyingi haina maumivu, inaiba kuona kimya kimya, na kilichoibiwa hakirudi, miwani haisaidii. Ukungu usiotoka hata kwa namba mpya unaweza kuwa mtoto wa jicho. Lakini ukiona mwanga unamulika kama radi ndani ya jicho, au kama pazia limeshuka upande mmoja, hiyo sio habari ya duka la miwani, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kusafisha: maji na tone la sabuni, kisha kitambaa laini cha pamba. Usifutie kanga kavu, vumbi lililomo linachora lenzi za plastiki, na mchoro ukikaa kwenye lile dirisha dogo la milimita 28 huna pa kukwepea. Mimi nimeifungia kamba ya shingoni niliyoshona mwenyewe kwa mabaki ya kitenge, wateja wakaanza kuulizia, sasa naziuza.